Machozi Garini: Parklands na Melodrama za Sinema za Magari

Wanaoandika historia ya sinema ya Marekani wamezoea kuzieleza melodrama za vinamasi vya Kusini kwa kupekua mfuko wa mtayarishaji: fedha haba, waigizaji wasio na jina, na msitu wa Louisiana usiohitaji kujengewa seti. Maelezo hayo hayatoshi. Filamu ya Bayou ilitoka mwaka 1957 ikiwa na kila dalili ya uhaba huo, mgeni wa mjini akimpenda binti wa kinamasini na jitu la kijijini likimwania binti huyohuyo, na haikuvuma. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilirudishwa kwa jina la Poor White Trash, ikachomekwa vipande vya kuchokoza ashiki, ikapigiwa debe katika sinema za magari, yaani viwanja ambako watu hutazama wakiwa garini, na hapo ndipo ikaingiza pesa. Filamu ilikuwa karibu ileile. Kilichobadilika ni namna ya kuiuza na mahali pa kuitazamia. Nashikilia kuwa melodrama ya aina hii inadaiwa uhai wake na uwanja wa magari kuliko studio, na ushahidi mzuri wa hoja hiyo tunao hapa Nairobi, kwa familia za Wahindi zilizokuwa zikitoka mtaa wa Parklands jioni kwenda kutazama filamu za Kihindi.

Parklands yenyewe haikuwa na uwanja wa namna hiyo. Jirani yake, Ngara, kulikuwa na ukumbi wa Shan, ambao leo ni Sarakasi Dome. Aliyetaka kutazama akiwa garini alikwenda Belle Vue, Barabara ya Mombasa, au Fox, Barabara ya Thika. Hebu tuyatazame mazingira ya utazamaji huo. Sauti ilitoka kwenye spika ndogo iliyotundikwa dirishani, ikikwaruza. Kioo cha mbele kilikuwa na vumbi, na wakati wa masika kilikuwa na mvua. Watoto waligombania kiti cha nyuma, sambusa zikipitishwa kutoka mkono hadi mkono, chai ikimiminwa kutoka kwenye thamosi. Nairobi iko karibu na ikweta, kwa hiyo giza huingia mapema na karibu saa ileile mwaka mzima. Mwenye uwanja hakulazimika, kama mwenzake wa Marekani wakati wa kiangazi, kungoja hadi usiku mkubwa ndipo aanze. Filamu ya saa tatu kama Mother India (1957) iliwezekana bila watoto kukosa shule kesho yake. Katika hali hiyo, filamu ya minong'ono hufa. Inayodumu ni ile ambayo mtu akikosa dakika kumi akimbembeleza mtoto, bado atamtambua mhalifu kwa masharubu yake na mama kwa machozi yake, na nyimbo zitamrudisha kwenye hisia za kisa.

Kuna pingamizi la haki: filamu za Bombay zilitengenezwa kwa ajili ya kumbi, na India ilikuwa na sinema za magari chache mno, ile maarufu ya Ahmedabad ilifunguliwa mwaka 1973, wakati mtindo wa filamu hizo ulikwisha komaa zamani. Ni kweli. Uwanja haukuziumba filamu hizo, kama ambavyo haukuiumba Bayou mara ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kuchuja. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Marekani, gari lilikuwa la mfanyakazi wa kawaida. Nairobi lilikuwa mali ya wachache, na ubaguzi wa makazi wa kikoloni ulikuwa umeamua nani akae Parklands na nani Kaloleni, mtaa wa Waafrika. Hapa nakubali kwamba usawa wa mashine si usawa wa tabaka. Nakubali pia kwamba gari peke yake halielezi kila kitu. Waqt (1965), kisa cha familia iliyotawanywa na tetemeko, haikuhitaji mfasiri kwa Wahindi wa Kenya ambao, baada ya sheria za uhamiaji na leseni za biashara za mwaka 1967, waliwaona jamaa zao wakikimbilia Uingereza kabla mlango haujafungwa Machi 1968.

Kenya nayo ilizaa filamu inayoufaa uwanja wa magari, ingawa kwa kuchelewa. Rise and Fall of Idi Amin (1981) ya Sharad Patel, iliyopigwa hapa nchini, ina damu, makelele na mhalifu anayetambulika hata kupitia kioo chenye ukungu. Wakati huo kanda za video zilikuwa zimeanza kuwabakiza watazamaji sebuleni. Joseph Olita, aliyeigiza Amin, aliitwa tena kuiigiza nafasi hiyohiyo katika Mississippi Masala (1991) ya Mira Nair, ambamo familia ya Wahindi waliofukuzwa Uganda inaishi Greenwood, katika Kusini hiyohiyo ya Marekani. Filamu ya Nair ni bora kwa mbali, lakini ni ya ukumbini: mengi yake yamo katika kauli za chini na macho ya kuibia, ambayo spika ya dirishani na kioo chenye vumbi vingeyameza.