Watu kumi, skrini kumi

Guka alizikwa 2020, katikati ya ile lockdown ya Nairobi, wakati hakuna kutoka wala kuingia. Mimi nilikuwa bedsita yangu Kahawa, mazishi yako Karatina. Binamu yangu alinishikia simu kando ya kaburi. Mtandao wa huko ni ule wa kupanda kwa mti ndio upate baa mbili, kwa hivyo pasta alipoinama kuchukua udongo, picha ikaganda. Iliporudi, watu walikuwa wanakunja viti. Mpaka wa leo mtu akiniuliza kama nilihudhuria mazishi ya guka, najikuna kichwa.

Hilo ndilo swali lililonifanya nianze kusoma kuhusu masinagogi. Usicheke. Si unajua ile iko pale kona ya University Way na Uhuru Highway? Nimepita hapo na matatu miaka mingapi na sijawahi kujiuliza kuna nini ndani. Wayahudi wa Nairobi wamekuwa na nyumba ya ibada mjini tangu 1913, na jengo la sasa ni la miaka ya hamsini. Nilitaka kujua tu wao walifanya nini korona ilipofunga milango. Nikajikuta nimerudi nyuma miaka elfu mbili.

Kuna jiwe lilichimbuliwa Yerusalemu muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Limeandikwa Kigiriki, na wataalamu wengi husema ni la karne ya kwanza. Jamaa anaitwa Theodotos, kuhani, mkuu wa sinagogi, mwana wa mkuu wa sinagogi, mjukuu wa mkuu wa sinagogi (ukoo ulikuwa umeshika kiti vizuri, bana). Anatangaza kwamba amejenga mahali pa kusoma Torati na kufundisha amri. Halafu anaendelea: kuna nyumba ya wageni, vyumba, na mfumo wa maji kwa wanaotoka mbali. Yaani hata enzi hizo, mtu akijenga nyumba ya ibada, alijua kuna wasafiri watakaohitaji pa kulala na pa kuoga.

Lakini iliyonimaliza ni ya Alexandria, Misri. Talmud inasimulia sinagogi kubwa huko, na inatia chumvi kiasi kwenye hesabu za watu, hiyo tuiache. Watu walikaa kulingana na kazi zao: wafua dhahabu hapa, wahunzi pale, wafumaji kule. Ukifika mgeni, huna kitu, unatafuta watu wa kazi yako, wanakusaidia kupata riziki. Na kwa sababu jengo lilikuwa kubwa mno, walioketi nyuma hawakusikia anayeongoza sala. Kwa hivyo mtumishi alisimama katikati kwenye jukwaa la mbao na kitambaa mkononi. Sala ikifika mwisho anakipunga, na umati wote unajibu amina. Hawajasikia neno! Wameona kitambaa tu, na amina yao ikahesabika.

Sasa, kwa Wayahudi kuhesabika ni jambo zito. Kuna sala ambazo haziswaliwi bila watu wazima kumi, kundi linaloitwa minyan. Moja wapo ni Kaddish, anayosema aliyefiwa. Kwa desturi, mwana husema Kaddish ya mzazi kwa miezi kumi na moja, na kila mara lazima kumi wawepo. Mkiwa tisa, mnangoja. Kwa hivyo tekinolojia ilipokuja, swali lilikuwa hili: wa kwenye skrini ni wa ngapi?

Mwaka 2001, kamati ya sheria ya Wayahudi wa Conservative huko Marekani ilijibu kwamba kumi lazima wawe mahali pamoja. Wakishatimia, aliye mbali anaweza kusikiliza na kuitikia, lakini yeye si mmoja wa kumi. Halafu Machi 2020 mambo yakageuka. Viongozi wa kamati hiyohiyo wakasema kwa sababu ya dharura, rabi anaweza kuruhusu watu kumi wanaoonana na kusikiana kwa mtandao wahesabike. Waorthodoksi kwa jumla walikataa, na kwao siku ya Sabato hata simu haiguswi. Kuna mitaa walisimama kwenye vibaraza na roshani, kila mtu kwake, wakaswali wakitazamana. Mimi naelewa pande zote mbili, na hiyo ndiyo shida yangu.

Ukitaka kuona sinagogi iliyojirekebisha kwa moto, halisi, angalia Central Synagogue ya Manhattan, jengo la 1872. Agosti 1998 ilikuwa kwenye ukarabati, mafundi wanaweka mitambo ya hewa baridi. Tochi ya fundi ikawasha moto na paa likaporomoka. Ilichukua miaka mitatu kuirudisha, ikafunguliwa Septemba 9, 2001, siku mbili kabla ya mji wenyewe kushambuliwa. Leo ibada zake huonekana laivu mpaka nchi ambazo hazina hata Wayahudi wa kujaza basi, na ilianza kurusha kabla hata ya korona. Walioko mbali wanaona vioo vya rangi, wanasikia waimbaji. Lakini mhudumu wa kukuletea kiti, mtu wa kukuuliza unafanya kazi gani, huyo bado haji na bando.

Kwa hesabu ya 2001, mimi nilikuwa msikilizaji. Kwa ile ya Machi 2020, labda nilikuwa mmoja wa kumi, isipokuwa ile dakika ya udongo.

Desemba iliyopita tulikuwa kwa cucu. Akaanza kuwatajia wajukuu wadogo waliokuwepo siku ya kumzika guka, kwa vidole, mmoja mmoja. Akafika kwangu, akanitaja. Binamu yangu akafungua mdomo kumrekebisha. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.