Alama ya Vema, Merikani na Tembo wa Tabora

Juma hili nataka tuzungumze juu ya chapa. Sisemi chapa ya ng'ombe, bali zile alama ambazo makampuni huzibandika kwenye bidhaa zao ili mnunuzi azitambue hata kama hajui kusoma.

Ukipita Ng'ambo hapa Tabora wakati wa jioni utaziona zimechorwa kwa mkono kila mahali: nyuma ya bajaji, kwenye ukuta wa kinyozi, kwenye kibanda cha chipsi. Chukua ile alama ya Nike. Aliyepita shule ya msingi katika nchi hii haoni kiatu pale. Anaona vema, ile alama ya kalamu nyekundu ya mwalimu. Nimeona bajaji moja ambayo mchoraji amepaka vema hiyo kubwa, kisha pembeni yake akaandika 10/10. Nyingine ameigeuza juu chini na kuipaka rangi ya njano ikawa ndizi mbivu, na kwa kweli ilikuwa ndizi ya kutamanisha.

Ulaya na Marekani wapo wachoraji wa kitaalamu wanaofanya mchezo huo huo kwa kompyuta. Huchukua nembo maarufu, wakaipinda, wakaipa maana nyingine, na kazi zao huwekwa kwenye maonyesho na kusifiwa. Kijana wa Ng'ambo akifanya vivyo hivyo kwa brashi na kopo la rangi, tunasema hajui kuchora, au tunasema anaiba. Ndiyo maana nikaona tuiulize historia, maana mji huu umeishi na chapa za watu wengine kwa zaidi ya miaka 150, na kila mara umezifanyia ulivyotaka.

Tuanze na merikani.

Wazee wetu waliijua nguo hiyo kabla hawajamjua Mmarekani mwenyewe. Mwaka 1833 Sayyid Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, alifika Unguja. Meli nyingi zilitoka bandari ya Salem, katika jimbo la Massachusetts. Zilileta kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito, cha rangi ya maziwa yaliyolala, na kurudi na pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kutoka pwani nguo hiyo ilipanda vichwani na mabegani mwa wapagazi, Wanyamwezi wengi wao, mwendo wa miezi hadi hapa Unyanyembe. Richard Burton na mwenzake Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora hii, tarehe 7 Novemba 1857, walikuta merikani ikifanya kazi ya fedha. Mkono, shuka, doti, jora: hivyo ndivyo vilivyokuwa shilingi na senti za wakati huo. Shuka ilikuwa mikono minne, doti shuka mbili. Mpagazi alilipwa kwa nguo, mtemi alipewa hongo ya nguo, na posho ya safari ilinunuliwa kwa nguo.

Sasa sikilizeni jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Mnunuzi wa huku bara hakuwa mtu wa kupokea chochote alicholetewa. Aliishika nguo, akaivuta, akaipima uzito, akaiangalia ilivyosokotwa. Wafanyabiashara wa Uingereza walipoona Wamarekani wanafaidi, walijaribu kuleta nguo za kuiga merikani. Kwa miaka mingi hawakufua dafu. Nguo nyepesi iliyotiwa wanga mwingi hunyong'onyea ikishafuliwa, na mtu aliyebeba ratili 60 kutoka Bagamoyo ili alipwe nguo hakubali kulipwa wanga. Mfanyabiashara aliyekosea kuchagua mzigo kule Unguja alifika Tabora akakuta mtaji wake hautakiwi na mtu.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kuanzia 1861 hadi 1865, vilikata pamba. Merikani ikaadimika, bei ikapanda, na nguo za Uingereza na India zikapata mlango. Wamarekani walirudi baada ya vita, lakini Bombay nako viwanda vya mvuke vilikuwa vinajengwa, na kufikia miaka ya 1880 nguo ya Bombay ndiyo iliyotawala soko letu. Ajabu ni kwamba jina halikubadilika. Nguo ya Bombay iliitwa merikani. Baadaye, katika karne ya ishirini, ilipokuja ya Japani, nayo iliitwa merikani. Jina la nchi lilikuwa limekatwa kutoka kwenye nchi yake na kushonwa kwenye ubora wa nguo. Wazee walikuwa wameitwaa chapa ya Mmarekani na kuifanya kipimo chao wenyewe, na hakuna kiwanda kilichoulizwa.

Kwenye ushanga walikwenda mbali zaidi. Burton aliandika kwamba aina za ushanga katika biashara ya Zanzibar zilikaribia 400, kila moja na jina lake, bei yake na nchi yake ya kupendwa. Sehemu kubwa ilitoka Venice, Italia. Huko kiwandani sidhani ilikuwa na majina ya kusisimua. Huku ilipewa ya kwetu. Ule ushanga mwekundu wa samesame uliitwa pia kimara pamba, yaani kitu kinachomaliza chakula, kwa kuwa mtu alikuwa radhi atoe mlo wake ili aupate. Uliitwa tena kivunja mji, kwa kuwa wanawake waliupenda mpaka nyumba zikaingia matatani. Ndivyo walivyosema wanaume, bila shaka; wanawake hawakuulizwa na Burton. Lakini niambieni ni kampuni gani ya matangazo leo ingebuni jina la kuuza bidhaa kuliko kivunja mji.

Sasa niwapeleke mwaka 1916, kwenye chapa ya serikali yenyewe.

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa rupia yake. Upande mmoja alikuwapo Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita, upande wa pili nembo ya kampuni, simba na mti wa jamii ya mnazi. Serikali ya Kijerumani ilipochukua fedha mikononi mwake, kuanzia mwaka 1904, simba wa kampuni aliondolewa, Kaisari akabaki. Fedha hizo zote zilichongwa na kupigwa Ujerumani. Vita Kuu ilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga pwani. Hakuna sarafu iliyoingia tena, na fedha za karatasi zilizochapishwa hapa nchini watu hawakuziamini. Askari alitaka chuma. Mkulima mwenye mtama naye alitaka chuma.

Serikali ilikuwa imehamia Tabora, na reli ya kati ilikuwa imeshafika hapa tangu 1912. Basi kwenye karakana ya reli wakafungua kiwanda cha kupiga fedha. Shaba ya maganda ya mizinga na vyuma chakavu viliyeyushwa vikawa sarafu za heller 5 na heller 20. Dhahabu ya machimbo ya Sekenke, kule Iramba, ikawa sarafu ya rupia 15. Zote zina herufi moja ndogo, T. Hiyo ndiyo Tabora.

Sarafu ya dhahabu ndiyo iliyonifanya nitake kuzungumza leo. Upande mmoja una tai wa dola ya Kijerumani, kama ilivyotarajiwa. Ukiigeuza, Kaisari hayupo. Yupo tembo. Amenyanyua mkonga, nyuma yake kuna milima ambayo husemwa kuwa ni Kilimanjaro, na chini mwaka 1916. Inaelezwa kuwa mihuri yake ilichongwa na sonara wa Kisinhala, mtu wa Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Fikirini: Mjerumani amezingirwa, mtu wa Ceylon ameshika patasi, Tabora iko katikati ya miombo, na mlima uliochorwa hauonekani kutoka kilima chochote cha Unyamwezi. Ila tembo ni wetu. Mji huu ulikua kwa meno yake.

Wataalamu wa sarafu wanahesabu kuwa zilipigwa zipatazo elfu 16. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliingia Tabora na kazi ikawa imekwisha. Leo wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huzinunua kwa bei ambayo ingejenga nyumba hapa Kiloleni. Jina la Kaisari wanalijua wote. Jina la sonara halikuwekwa popote kwenye sarafu, na yule aliyevuta mashine ndiyo kabisa.

Hapo naomba nikae kidogo, maana jambo hili la majina linaniudhi. Ile vema ya Nike ilichorwa mwaka 1971 na mwanafunzi wa Marekani, Carolyn Davidson, akalipwa dola 35. Yeye angalau, kampuni ilimkumbuka baadaye ikampa hisa. Kwetu sisi, mwezi Mei 2017, alifariki dunia Dar es Salaam mzee Francis Kanyasu, maarufu kwa jina la Ngosha, baada ya vyombo vya habari kumkuta Buguruni akiishi kwa dhiki na kumtambulisha kuwa ndiye mchoraji wa Nembo ya Taifa, ile ya Bibi na Bwana. Ukazuka ubishi kuwa mchoraji ni mwingine. Siingilii ubishi huo. Ninachosema ni kwamba nembo ipo kwenye noti, kwenye hati ya kusafiria na juu ya mlango wa kila ofisi ya serikali, na bado nchi nzima ilihitaji kubishana juu ya mkono ulioichora.

Na wananchi waliipa jina lao, Bibi na Bwana. Wengine wakasema Adamu na Hawa. Hivyo ndivyo tulivyo. Katika uchaguzi wa wabunge wa mwaka 1965, wagombea wawili wa kila jimbo walipewa alama, mmoja jembe, mwingine nyumba, ili asiyejua kusoma apige kura. Zilikusudiwa zisiwe na maana yoyote. Haukupita muda kampeni ikawa ni jembe na nyumba kutambiana: jembe linakulisha, utakula nyumba? Na wa nyumba naye akauliza, hayo mavuno ya jembe utayalaza wapi mvua ikinyesha? Huwezi kumpa mtu wa huku picha ukamwambia haina maana.

Nirudi Ng'ambo. Tunayo Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya mwaka 1986, na Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza. Mimi naiunga mkono kazi hiyo. Anayeuza dawa bandia au breki bandia kwa chapa ya mwingine ni muuaji, na apelekwe mahakamani. Mpagazi aliyeikataa nguo ya wanga alikuwa anasema jambo hilo hilo. Lakini mchoraji wa bajaji hauzi kiatu. Hakuna aliyepanda bajaji ile akidhani ananunua Nike. Amechukua alama inayotutazama kila siku bila kutuuliza, akaijibu. Wanaowachanganya hawa wawili waende wakaone kwanza ile ndizi.

Kinachonikera mimi ni kitu kingine. Nenda stesheni ya Tabora siku ya treni. Utauziwa asali, asali halisi ya nyuki wa miombo, ya Sikonge na kwingineko, asali ambayo watu wa Dar es Salaam huagiza kila wanaposikia ndugu yao yuko Tabora. Imewekwa kwenye nini? Kwenye chupa ya maji ya kunywa, karatasi ya kampuni ya maji bado imebandikwa. Nyingine iko kwenye chupa ya Konyagi. Mnunuzi anacheka, muuzaji anacheka, kila mmoja anajua kilichomo. Ni ile ile akili ya merikani: chupa ya fulani, mali yetu.

Ila merikani ilipozunguka dunia, jina la Marekani lilizunguka nayo. Hii asali ikifika Dar es Salaam humwagwa kwenye chupa nyingine, inabandikwa karatasi ya mfungashaji wa mjini, na neno Tabora mara nyingi halimo. Nilimuuliza mama mmoja pale stesheni kwa nini hawaweki chapa yao. Akaniambia karatasi ni ghali kuliko chupa, chupa anaokota. Nikamwonyesha yule kijana wa bajaji, aliyekuwa ameegesha hatua chache kutoka pale, rangi bado mbichi ubavuni. Akamtazama, akasema, "Huyo atanichorea nini, nyuki?" Kijana akasikia. Akauliza nyuki wake awe mkubwa kiasi gani.