Sikukuu ya Vesak nchini Sri Lanka: mgeni ajue nini?

Mwezi unapokuwa mpevu, mara nyingi Mei, Wabudha huadhimisha Vesak, wakikumbuka kuzaliwa kwa Budha, kupata kwake nuru na kufariki kwake. Nchini Sri Lanka barabara hujaa taa za karatasi, nyama na pombe haziuzwi, na kandokando ya njia watu hupika wali na kuwagawia wapita njia bure. Mgeni naye hula, haulizwi dini.

Hekaluni vua viatu na kofia, funika mabega na magoti.

Tunachotahadharisha zaidi ni simu. Usijipige picha ukiipa mgongo sanamu ya Budha. Mwaka 2012 watalii watatu Wafaransa walihukumiwa huko kifungo cha nje kwa picha walizojifanya wanabusu sanamu. Taa piga upendavyo.