Kulipwa Kumanga Hotelini: Piga Hesabu ya Kazi ya Mteja wa Siri Kabla Upande Mat

Meseji imeingia kwa simu. Kuna hoteli Westlands inataka mtu aende amange lunch kama mteja wa kawaida, aangalie vile weita anafanya kazi, ajaze fomu, halafu alipwe. Doh ya chakula utarudishiwa, na juu yake kuna 800. Wewe uko zako Umoja Innercore, mfuko imekauka, na jana lunch yako ilikuwa smocha. Mbona usiende?

Unaweza kwenda. Shida ni moja tu: hiyo 800 si mshahara wako. Mshahara wako ni ile inabaki ukishatoa nauli, ukishatoa bili ile imezidi, halafu ukaigawanya kwa masaa yote umetumia, kutoka kusoma maagizo hadi kutuma fomu. Ukimaliza hapa utakuwa unaweza kupiga hiyo hesabu kwa kichwa, kabla hujajibu "niko sawa".

Hii mboka ni gani?

Wenye biashara huiita mystery shopping. Jina hilo lilianza kutumika Marekani miaka ya 1940, wakati kampuni zilituma watu madukani na kwa benki wajifanye wateja, ndio zijue kama wafanyakazi ni waaminifu. Leo inatumika kupima huduma: hoteli, benki, petroli stesheni, maduka ya simu. Hapa Nairobi, mara nyingi mwenye hoteli hakutumi mwenyewe. Anaipa kazi kampuni ya utafiti wa soko, na hiyo kampuni ndiyo inatafuta watu kama wewe.

Kwa hoteli, maagizo huwa na vitu kama hivi: ufike kati ya saa fulani na saa fulani, uhesabu dakika ngapi zilipita kabla mtu akusalimie, uagize vitu walivyosema na si vile unatamani, uulize weita swali moja kuhusu menyu, uingie choo uone kama kuna sabuni, ukumbuke jina la weita, ulipe, uchukue risiti, usijitambulishe. Ukitoka, fomu inafaa kuwa imerudi ndani ya siku moja hivi. Na hiyo fomu si ya kuweka tiki peke yake. Kuna pahali unaandika stori nzima ya kilichotokea, na saa zake.

Kwa hivyo ukiona mtu anasema "nalipwa kukula", jua hajamaliza sentensi. Unalipwa kuandika ripoti. Kukula ni njia ya kuipata.

Hesabu ya kwanza: Umoja hadi Westlands

Hizi namba ni za mfano tu. Weka zako, juu nauli yenyewe inabadilika mvua ikianza kunyesha.

Malipo ni 800, na chakula kinarudishwa hadi 1,500. Umetoka Umoja hadi tao kwa 80, tao hadi Westy 50. Kurudi, 50 tena, halafu jioni Umoja imepanda hadi 100. Nauli jumla ni 280.

Hotelini umeagiza vile maagizo yalisema: chakula kikubwa, kinywaji na kitu tamu ya mwisho. Bili imekuja 1,750. Wanarudisha 1,500, kwa hivyo 250 ni yako. Bando ya kutuma picha na fomu, tuseme 50.

800 toa 280, toa 250, toa 50. Unabaki na 220.

Sasa masaa. Kusoma maagizo, nusu saa. Kwenda, saa moja na robo. Ndani ya hoteli, saa moja na robo. Kurudi na jam ya Jogoo Road, saa moja na nusu. Fomu, saa moja na nusu. Jumla masaa sita. 220 gawanya kwa sita ni kama bob 37 kwa saa.

Unataka kipimo? Tangazo la mishahara lililoanza kutumika Novemba 2024 liliweka kima cha chini cha kibarua wa kawaida hapa Nairobi kuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila marupurupu ya nyumba. Ukichukua wiki ya masaa 52, hiyo inakuja karibu bob 72 kwa saa. Yaani umevaa vizuri, umekalia kiti cha ngozi Westlands, na umelipwa kama nusu ya kile tangazo hilo lilimpa kibarua.

"Lakini si nimekula ya 1,750?" Umekula, sawa. Ila chakula kina thamani ya kile kimekuokolea, si bei ya menyu. Kama siku hiyo ungekula chapo madondo ya soo kwa kibanda, basi umeokoa soo. Ongeza hiyo soo: 320 kwa masaa sita ni kama bob 53. Bado uko chini. Landlord hatachukua steki.

Hesabu ya pili: hapa tu Buruburu

Kazi nyingine inalipa 500 pekee, na chakula hadi 900. Wengi wataipita wakikimbilia ile ya 800. Ngoja kwanza.

Hoteli iko Buru, wewe uko Umoja. Boda kwenda na kurudi ni 100. Bili imekuja 850, yote inarudi. Bando 30. Unabaki na 370. Masaa: dakika 20 za kusoma, dakika 40 barabarani kwenda na kurudi, saa moja hotelini, saa moja ya fomu. Masaa matatu. Hiyo ni kama bob 123 kwa saa, na ukihesabu ile soo ya lunch uliyookoa inafika karibu 157.

Kazi ya 500 imeipiga ya 800 mara tatu hivi. Kilichobadilika ni barabara na ile bili imezidi.

Na kuna njia ya tatu. Kama ulikuwa unaenda Westy hata hivyo, labda una interview ama unafanya kazi huko, toa nauli na muda wa barabara kwa ile hesabu ya kwanza. Inabaki 500 kwa masaa matatu na robo, kama bob 154 kwa saa. Kazi ileile ni mbaya kwa mtu anaitoka Umoja kuifuata, na ni poa kwa mtu ako huko tayari. Ndio maana usimuulize beste yako kama inalipa. Inamlipa yeye, kwa njia yake.

Doh inatoka kwako kwanza

Hapa ndipo watu huumia. Bili unalipa wewe, siku hiyo, kwa M-Pesa yako. Kurudishiwa kunaweza kuchukua wiki kadhaa, mwezi ama zaidi, kulingana na mkataba. Kwa ile kazi ya Westlands, umetoa zaidi ya thao mbili ndio upate 220 siku za mbele.

Kama hizo thao mbili ni za rent, hiyo kazi umekopesha kampuni rent yako bila riba. Na kama umeingia Fuliza, hesabu imekufa kabisa. Kwa bei zilizowekwa Oktoba 2022, Fuliza ya kati ya 1,501 na 2,500 hukatwa bob 20 kila siku, na asilimia 1 ya kuanzia. Siku kumi tu, 200 imeenda. Faida yako yote imeliwa na kampuni hata haijafungua fomu yako.

Sheria ni rahisi: usifanye hii kazi na doh ambayo una kazi nayo mwezi huu. Ukiwa huna ya ziada, tafuta zile kazi hazitaki ununue kitu, kama kupiga simu kuuliza huduma ama kuingia duka la simu kuuliza bei. Zinalipa kidogo, lakini hazikuweki deni.

Uliza pia utalipwa kwa njia gani. Kampuni za nje zinaweza kutuma kwa PayPal, na ukihamisha hadi M-Pesa kuna kukatwa, ada na bei ya dola. Hiyo pia itoe kwa hesabu.

Fomu inaweza kukataliwa

Risiti haina saa? Ulifika dakika kumi nje ya muda? Ulisahau kuingia choo? Uliagiza soda na walitaka juisi? Wanaweza kukataa ripoti, na ripoti ikikataliwa unaweza kukosa malipo na bili pia. Hapo umenunua lunch ya 1,750 kwa doh yako mwenyewe, ukiwa peke yako.

Kwa hivyo kabla utoke keja, soma maagizo mara mbili, yapige skrinishoti, andika vitu vitano vya lazima kwa noti ya simu. Ukikaa mezani, jitumie meseji za saa: "12:41 nimeketi", "12:47 menyu", "13:15 chakula". Mtu akikuona anadhani unachat. Risiti ipige picha ukiwa bado ndani, ndio kama kuna kitu imekosa uitishe nyingine.

Wakora nao wako

Kazi inayosema "kula ulipwe" ni chambo tamu, na wakora wanaijua. FTC, shirika la serikali ya Marekani linalolinda wateja, limeonya miaka mingi kwamba hufai kulipa ndio uwe mteja wa siri. Hata hapa shika hilo.

Ukiitishwa doh ya kujisajili, ya "treni" ama ya cheti, toka. Ukitumiwa hela uambiwe ubaki na kidogo na utume nyingine kwa namba fulani, toka mbio. Ukiwekwa kwa grupu ya Telegram kupatia hoteli nyota tano ambazo hujawahi kuingia, halafu uambiwe uweke deposit ndio "upande levo", hiyo si mystery shopping, hiyo ni kunyolewa. Mteja wa siri wa ukweli lazima afike hotelini.

Na ushike hii: kampuni kukuuliza PIN ya KRA ni kawaida. PIN ya M-Pesa, hakuna mtu anafaa kuiuliza.

Weita pia ana rent

Kuna hesabu nyingine haiko kwa fomu. Yule weita unamwandikia huenda jioni anapanda mat ya Pipeline ama Kayole. Ripoti yako inaweza kumpa bonasi, inaweza kumpa barua ya onyo. Kama unajaza fomu usiku ukiwa umechoka na unabuni dakika ambazo hukuhesabu, unacheza na unga ya mtu.

Andika ulichoona. "Chakula kilifika dakika 34 baada ya kuagiza, na weita alikuja mara mbili kuomba msamaha" ni ripoti. "Weita ni mvivu" ni matusi. Kama walikuwa wawili kwa meza ishirini, andika hivyo pia, juu hapo kosa ni la meneja.

Picha nayo, piga sahani, risiti na mlango, usipige sura za watu kisirisiri. Kenya iko na sheria ya kulinda data tangu 2019. Septemba 2023, ofisi ya kamishna wa data ilipiga klabu ya Casa Vera faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa yake. Wewe ukipiga weita picha halafu iende TikTok, usiseme hukuambiwa.

Sasa amua

Meseji ikikuja, uliza vitu vitano: Malipo ni ngapi mbali na chakula? Chakula kinarudishwa hadi ngapi, na vitu wanataka niagize vinafika ngapi kwa menyu? Nauli yangu ni ngapi, saa hiyo ya siku? Fomu ina maswali mangapi? Doh inaingia baada ya siku ngapi?

Menyu nyingi ziko mtandaoni, kwa hivyo bili unaweza kuijua ukiwa bado kitandani. Toa nauli, toa iliyozidi, toa bando, gawanya kwa masaa yote. Ikikuja chini ya bob 72 kwa saa, ilenge, isipokuwa ulikuwa unaenda huko hata hivyo. Ikipita 100 na doh ya kulipa bili iko bila kukopa, shika.

Fanya tatu za kwanza ukiziandika: tarehe, doh iliyotoka, doh iliyoingia, masaa, siku ulizongoja. Usiache kazi nyingine juu ya hii, juu hakuna anayekuhakikishia ya wiki ijayo. Na ukipata ya Buru ya 500, usiicheke. Hiyo ndiyo inaweza kukulipia tokeni za stima.