Taa Zilipokuwa Chini ya Kiatu

Ukipanda Land Rover Series IIA ya miaka ya 1960, utapapasa kando ya usukani ukitafuta pa kupunguzia taa, na hutapaona. Tazama sakafuni, kushoto kwa klachi. Pale pametokeza kitufe cha chuma. Kikanyage, kitalia "ta!" na taa kali zitashuka; kikanyage tena, zitapanda.

Njia iliyokifikisha kitufe hicho sakafuni inaanzia Marekani. Taa za umeme ziliposhika nafasi ya zile za gesi, zilikuja na kero yake: dereva anayekuja mbele hakuona kitu. Mwaka 1915 kampuni ya Guide Lamp ilitoa taa za kuinamisha, ila ilibidi dereva asimamishe gari, ashuke, aziinamishe kwa mkono. Hebu fikiria kufanya hivyo kila mnapopishana! Mwaka 1917 Cadillac ikaleta wenzo wa kuziinamisha mtu akiwa kitini.

Mageuzi yenyewe yalitoka Ujerumani. Mwaka 1924 Osram ilitoa balbu iitwayo Bilux, yenye nyuzi mbili ndani yake. Tangu hapo taa haikuhitaji kuinama. Kilichotakiwa ni kuhamisha umeme kutoka uzi mmoja hadi mwingine, na kazi hiyo swichi ndogo inaiweza. Mwaka 1927 swichi ya mguu ikaingia sokoni. Waingereza walikuwa na mtindo wao: kwa miaka kadhaa magari yao mengi yaliinamisha taa ya upande wa ukingo wa barabara na kuizima kabisa ile nyingine, gari likaendelea na jicho moja.

Kwa nini mguuni? Usukani wa enzi zile ulikuwa mzito, ukitaka mikono yote miwili, na mguu wa kushoto, gia ikishaingia, haukuwa na kazi. Kwa maoni yangu waliamua vyema. Walichokosea ni mahali.

Niliwahi kumtazama fundi mmoja akiifungua swichi ya namna hiyo. Ina waya tatu: mmoja unaleta umeme, mbili zinaupeleka kwenye taa. Kila ukikanyaga, kijino kinasukuma kipande cha shaba hatua moja mbele. Alipoigonga kwenye kiganja ukamwagika mchanga mwekundu, na shaba ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Si ajabu, maana hapo ndipo viatu vinapoacha tope na maji ya mvua, na ndipo umeme wote wa taa kubwa unapopita, bila rilei. Kipande kile kikikwama katikati, taa zote mbili zinazimika, gari likiwa bado mbioni.

Tena mguu ni ule ule wa klachi. Ukipanda mlima usiku, lori linakuja mbele na wewe unabadili gia, utakanyaga kipi kwanza? Land Rover ilipotoa Series III mwaka 1971, swichi ilihamia kwenye mkono wa usukani. Marekani, ambako gia otomatiki ziliupumzisha mguu wa kushoto, kitufe kilidumu zaidi. Pikapu za Ford F-Series zilikuwa nacho hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kama gari lako bado lina kitufe hiki, kabla ya safari ya usiku liegeshe mbele ya ukuta, ukikanyage mara kadhaa, utazame mwanga. Mwanga ukisita hata mara moja, badilisha swichi ndipo uondoke.