Sarafu za Kale na Masonara wa Ibo

Katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, kuanzia mlango wa mto Ruvuma hadi kisiwa cha Ibo, sarafu ya kale ilipimwa kwanza kwa fedha iliyomo. Mwaka wake na uchache wake havikumshughulisha mtu.

Pesa zilizopita huku zilikuwa za wageni wengi. Majahazi yalileta rupia za India na reale ya Maria Theresa, yenye uzito wa gramu 28 na tarehe ya 1780 hata ilipochapwa miaka mingi baadaye. Mwishoni mwa karne ya 19 Wareno walizigonga baadhi yake mhuri wa taji na herufi PM ili zihesabike halali Msumbiji. Kionga, kwenye pwani hiyo hiyo, iliyoshikwa na Wajerumani kuanzia 1894 hadi 1916, ilikuwa katika eneo la rupia na heller zao. Baadaye zikaja escudo za Kireno: ile ya 10 ya mwaka 1936 ilikuwa na fedha asilimia 83.5, na ya 1952 asilimia 72.

Nyingi ziliishia Ibo. Masonara wa kisiwa hicho waliyeyusha sarafu, wakazifua, wakavuta fedha katika bamba lenye matundu hadi ikawa uzi mwembamba, kisha wakasokota vipuli na mikufu. Ni ufundi wa hali ya juu, na hadi karne hii umeendelea ndani ya ngome ya São João Baptista, iliyojengwa 1791. Lakini kila mkufu uliotoka humo ulifuta tarehe, mhuri na jina la mtawala.

Sarafu za nikeli ziliepuka moto huo. Senti 50 na escudo 1 za mwaka 1936, kama heller 10 ya Kijerumani yenye tundu katikati, ni shaba iliyochanganywa na nikeli, isiyomfaa sonara.

Anayezikusanya leo huangalia mwaka, mhuri na uzima wa michoro. Sarafu isisuguliwe, kwani kusugua hupunguza bei. Na reale yenye mhuri halisi wa PM isiyeyushwe kamwe: thamani yake kwa mkusanyaji huzidi ile ya fedha iliyomo.