Mashine Pepe Ilizaliwa kwa Shida Kama Yetu

Wenzangu hapa Thika hunicheka wakiona Linux yangu inaishi ndani ya dirisha la Windows. Wanasema hiyo si Linux ya ukweli, eti mwanaume hufuta Windows yote na kuanza upya. Sawa. Mimi nilishafuta.

Ilikuwa Ruiru, kwa saiba ya shangazi yangu. Kompyuta tatu, printa moja. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina kazi, basi usiku mmoja nikaweka Ubuntu kwa ile mashine iliyo karibu na mlango. Nikakubali kufuta diski nzima nikidhani itaondoka Windows peke yake. Asubuhi mwanafunzi fulani akaja kuprinti ripoti ya mradi wake wa mwaka wa mwisho. Haiko. Hakuwa na nakala nyingine. Alikaa kwa benchi ya nje muda mrefu, kisha akaenda bila kunitukana, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Baadaye ndio nikajua kuna mashine pepe, yaani programu inayoiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta yako. Diski yake ni faili tu. Ukifuta kila kitu huko ndani, umefuta faili hiyo pekee.

Wengi hudhani huu ni ujanja wa juzi. Katikati ya miaka ya 1960, wahandisi wa IBM kule Cambridge, Massachusetts, walikuwa na shida ya saiba kabisa: kompyuta moja ya bei ya kutisha, na watu wengi wanaoitaka. Wakaunda CP-40, halafu CP-67, programu iliyompa kila mtumiaji kompyuta yake ya kujifanya. Mmoja akiharibu yake, jirani anaendelea na kazi. Mwaka wa 1972 IBM ikaileta sokoni kwa jina VM/370.

Kompyuta ndogo zilipoenea, haja hiyo ikapungua, maana kila mtu ana yake. (Huko kwao. Ruiru hatukuwahi kuacha kugawana.) Chipu za Intel nazo hazikuundwa kwa kazi hiyo, hadi VMware, iliyoanzishwa mwaka wa 1998, ikapata njia ya kuzizunguka. Intel yenyewe ikaongeza VT-x mwaka wa 2005. Januari 2007 kampuni ya Kijerumani, Innotek, ikatoa VirtualBox, ambayo hata mtu asiye na pesa angeipata.

Kwetu ilikuja polepole. Ubuntu ilijaza CD nzima, karibu MB 700, na nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka wa 2009 tu. Angalau Ubuntu walikuwa wanatuma CD bure kwa posta, mpaka 2011.

Sikatai, Linux ya dirishani ina kero. Ilibidi niingie BIOS kuwasha VT-x. Laptopu ina GB 8, Linux naipa 3, na video zinakwamakwama. Lakini ni laptopu hiyo hiyo dada yangu anayopigia hesabu za duka. Wiki jana nimeharibu Linux mara mbili, nikairudisha kwa nakala niliyohifadhi, na dada hakujua chochote.

Shangazi, kwa upande wake, bado haniruhusu kugusa ile ya mlangoni.